Pale Boti Ilipozama

Jumatatu, 3 Julai 1995. Kitura.

Kahawa tangu asubuhi. Mama mistari ya juu, mimi ya chini. Vidole vyangu vimekuwa laini mno, chuo kimeniharibu. Mchana mashine ya kumenyea, tukipokezana kuzungusha mkono wake. Baada ya kula nikakaa barazani na makala yangu. Haiendi.

Ugumu ni ule ule. Kipimo kikiwa na kosa dogo tu, jibu linalipuka. Nina taswira yenye ukungu na nataka kujua ukungu huo unaweza kuondolewa kiasi gani kabla hujaanza kubuni vitu ambavyo havikuwepo. Mama aliuliza wananilipa kwa kazi gani hasa. Nikamwambia watu wanapima kitu kwa nje, mimi natafuta kilichomo ndani, kama daktari anavyogonga tumbo kwa vidole. Akauliza, na ukikosea? Nikasema kazi yenyewe ni kujua naweza kukosea kwa kiasi gani. Alicheka sana.

Mdogo wangu Alto anapanda keshokutwa kutoka ziwani na usipa mkavu, dagaa wa huko. Atatusaidia kushusha kahawa mjini Mbinga. Mwaka huu wanunuzi binafsi wameruhusiwa. Kila wiki pikapu mpya, mizani mpya. Mama hawaamini. Ushirika nao hauamini. Anamwamini Alto.

Jumatano, 5 Julai

Alto hakuja. Mama alisogeza chungu cha maharage pembeni ya moto yasikauke.

Alasiri dereva wa lori la mahindi alisimama njia panda na kuuliza nyumbani kwa kina Alto. Nilijua kabla hajasema zaidi. Boti ya abiria iliyotoka Mbamba Bay juzi alfajiri kwenda Lituhi haikufika. Magodoro yameonekana yakielea. Alto alikuwemo, akirudi kwake Kihagara. Mpakizi wa pale bandarini alimsaidia kupandisha gunia lake na akamwona akikaa.

Mama hakulia. Alirudi shambani akaendelea kuchuma mpaka giza likaingia. Sikuweza kumfuata.

Alhamisi, 6 Julai. Njiani.

Niko Mbamba Bay, nasubiri gari la kwenda Kihagara. Mama amebaki. Lazima awepo mtu wa kupokea wanaokuja kutoa pole. Aliniambia maneno mawili tu kabla sijapanda lori.

"Nenda kamlete."

Ziwa halionekani vizuri. Watu wanachoma mapori, moshi umefunika kila kitu. Milima imepotea. Upepo wa mwera, ule wa kusini, unavuma bila kupumzika.

Jumamosi, 8 Julai. Kihagara.

Asumpta, mke wa Alto, amekaa kwenye mkeka tangu Jumanne. Aliponiona alisimama, akanipokea mzigo, akaketi tena. Ananiita wifi kwa sauti ile ile ya siku zote. Hiyo ndiyo iliyonivunja. Nililia mimi, yeye akanibembeleza. Naona aibu.

Miili michache imepatikana ufukweni, kutoka hapa mpaka Mbaha. Alto hayumo. Nilikwenda kutazama kila mmoja. Sitaandika.

Meli ya serikali haijapita miezi mingi. Ndiyo maana watu wanapanda boti hizi. Hawana kingine.

Jumapili, 9 Julai

Misa. Kanisa lilijaa mpaka nje. Padre alihubiri kwa kifupi.

Mwenye boti alikuwepo. Mzee Saidi, ana duka Mbamba Bay. Baba yake alitoka Kilwa lakini yeye kazaliwa hukuhuku. Alikaa kwenye majani nje ya kanisa tangu mwanzo wa Misa mpaka mwisho, kofia mapajani. Hakuna aliyemsalimia. Nahodha alikuwa mwanawe, Hamisi. Naye hajaonekana. Watu wanamlaani Hamisi kwa sauti, baba yake akisikia.

Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia kama mtu aliyeshtushwa usingizini.

Amebaki na boti moja ndogo ya injini na mapipa machache ya dizeli. Anataka kwenda kutafuta. Polisi wamekwisha kuzunguka na kuondoka. Akamuuliza Padre: nianzie wapi? Ziwa lote lile. Padre akanitazama mimi. Alto alikuwa akinisifia huku ziwani, kumbe. Dada yangu anakokotoa vitu visivyoonekana. Aliwaambia hivyo.

Nilikataa. Nilisema hesabu zangu ni za karatasi, hazijawahi kugusa maji. Kweli tupu.

Jumatatu, 10 Julai

Sikulala vizuri. Asubuhi Asumpta alikuwa akisafisha masufuria nyuma ya nyumba. Bila kuinua kichwa:

"Wifi, unajua kitu halafu unakaa nacho?"

Nikaeleza. Nikasema najua tu namna ya kutafuta, na namna yenyewe ina masharti, na mara nyingi jibu si moja. Akasema yeye ana siku nyingi zisizo na kazi. Tukaanza mchana huo huo.

Jumanne, 11 Julai

Tumetembea ufukwe tangu Kihagara kuelekea kaskazini. Kila kijiji Asumpta anatangulia, anazungumza nao Kinyasa, wanaleta walichookota. Godoro. Madumu matupu. Mlango wa chumba cha nahodha. Mbao za sakafu zilizolowa na kuwa nzito. Tunauliza: kimeokotwa wapi, siku gani, asubuhi au jioni. Wengine wanakumbuka, wengine wanabahatisha. Wanaobahatisha husema kwa uhakika zaidi.

Watu wanadhani tunakuja kunyang'anya. Mama mmoja alificha godoro. Asumpta alimwambia lala nalo tu, tuambie lilitua wapi.

Jioni miguu ilinivimba. Yeye alipika ugali wa muhogo, akanilazimisha kula.

Jumatano, 12 Julai

Nimeona kitu. Dumu tupu linakaa juu ya maji, linasukumwa na upepo. Ubao uliolowa umezama nusu, unachukuliwa na mkondo. Vyote viwili vilianza safari mahali pamoja. Kama najua upepo unasukuma kwa nguvu gani na mkondo unakwenda wapi, naweza kurudisha kila kimoja nyuma kilikotoka. Palipo na makutano ndipo boti ilipozama.

Kwenye karatasi ni nusu ukurasa. Ziwani tuliazima mtumbwi, tukaachia dumu na ubao, tukavifuata. Asumpta alipiga kasia. Mimi nilitapika. Tukarudia mara kadhaa. Ubao ulitupotea moshini mara mbili.

Kwa dakika fulani nilifurahi. Kama ninavyofurahi ofisini kitu kinapoanza kukubali. Kisha nikakumbuka tunafuata nini. Nilijichukia.

Alhamisi, 13 Julai

Zahanati. Mama Tumaini, muuza vitumbua wa Lituhi, mmoja wa waliookoka. Alielea na dumu mpaka mtumbwi ukamkuta. Midomo yake bado ina vidonda vya jua.

Anasema injini ilizima jua likiwa halijatoka. Hamisi alishuka kuitengeneza. Hawakuona nchi kavu upande wowote, ni moshi mtupu. Wakapelekwa na maji kwa muda mrefu. Maji yakawa yanaingia kidogo kidogo, watu wakichota kwa ndoo na sufuria. Karibu na mwisho walisikia mawimbi yakipiga mawe, upande jua linakotokea. Hawakuyaona mawe. Walisikia tu. Halafu wimbi moja la ubavuni.

Nilimuuliza kama anamkumbuka kijana mrefu mwenye gunia. Akasema kijana mrefu ndiye aliyempa dumu.

Siwezi kujua kama ni Alto. Vijana warefu ni wengi. Asumpta hakuniuliza maoni yangu. Alishika mkono wa yule mama, akaushikilia.

Ijumaa, 14 Julai

Hesabu inakwama. Injini ilipozima boti ilielea saa kadhaa kabla ya kuzama. Ilielea vipi? Boti nyepesi inafuata upepo, nzito inafuata maji. Nahitaji uzito. Polisi wameandika abiria na mizigo midogo midogo. Kwa uzito huo mawimbi yale yasingeingia ndani kirahisi namna hiyo.

Nilimfuata Mzee Saidi. Alikuwa amekaa kwenye boti yake ndogo pale ufukweni, peke yake. Nilikuwa na hasira na sikuificha. Nilimwambia, Mzee wangu, nikikokotoa kwa uzito wa uongo nitaipata boti ya uongo.

Nikadhani ataniambia niondoke.

"Saruji," akasema. "Chini ya sakafu. Na mabati. Hamisi alinikatalia. Mimi nilimwambia pakia."

Alinitajia yote. Kisha akasema, andika, mwanangu. Niliandika. Sijui nimchukie vipi. Leo mchana nilikuwa najua.

Jumamosi, 15 Julai

Kutwa nzima mezani kwa Padre. Kikokotozi changu kinatumia jua, kwa hiyo dirishani. Sina kompyuta, sina mtu wa kunikagua. Nimekokotoa kila kitu mara mbili na mara ya pili kwa kuanzia mwisho.

Jibu si nukta.

Nilijua halitakuwa nukta lakini moyo ulitumaini. Siku hizi mwera na mkondo vinakwenda karibu upande mmoja. Kwa hiyo zile njia mbili, ya dumu na ya ubao, zimelala karibu sambamba, na njia za namna hiyo hazikutani mahali pamoja, zinasuguana kwa urefu. Nimepata ukanda. Mwembamba, mrefu. Ncha ya kusini iko karibu na miamba, maji si ya kina. Ncha ya kaskazini iko kwenye kina ambacho hakuna kamba inayofika.

Popote ndani ya ukanda huo vipimo vyangu vinaridhika sawasawa. Mawe aliyoyasikia Mama Tumaini yanavuta kidogo kuelekea kusini. Kidogo tu. Sauti majini husafiri.

Nimeuchora kwenye ramani ya Padre. Asumpta aliutazama. Akaupitisha kidole, toka mwanzo hadi mwisho, pole pole.

Jumatatu, 17 Julai

Padre amepata kipima kina kutoka kwa ofisa mmoja wa uvuvi anayemfahamu. Chombo kinapeleka sauti chini, kinasikiliza ikirudi, kinachora sakafu ya ziwa kwenye utepe wa karatasi. Nimefundisha hesabu za vyombo vya namna hii miaka yote. Leo ndiyo mara ya kwanza kukaa na kimoja.

Mzee Saidi ameshika usukani. Padre, mimi, Asumpta na wavuvi wawili. Tulipita ncha ya kusini, kwenda na kurudi. Mawimbi yanatikisa chombo, mchoro unatetemeka. Sakafu, sakafu, mteremko. Kisha nundu.

Tulipita tena. Nundu ipo. Inainuka ghafla, upande mmoja mkali, mwingine umelala. Urefu wake unakaribiana na wa boti. Wavuvi wakapiga kelele. Mzee Saidi aliachia usukani, boti ikageuka ubavu, Padre akaushika yeye.

Mimi nilikuwa nakodolea karatasi. Eneo hilo lina mawe kila mahali. Jiwe lenye urefu ule lingechora vile vile. Sauti ya chombo hiki hutawanyika inavyoshuka, kitu cha mraba kinarudi kimeviringika, kitu cha mviringo kinarudi hivyo hivyo. Ningekuwa na chombo kinachotazama kutokea ubavuni ningeweza kutenganisha. Sina.

Tulipogusa ufukwe habari zilikuwa zimekwisha kututangulia. Watu wanaimba. Sikuwa nimesema neno.

Jumanne, 18 Julai

Padre aliniita baada ya Misa ya asubuhi. Ni mtu mwema na amechoka. Amezika wote waliopatikana na analala nyumba za wafiwa. Alisema kwa upole: Dokta, watu hawa wanahitaji mahali. Wapate pa kutupa maua, wasali, walie, warudi mashambani. Ukisema ni pale, utamdhuru nani?

Nilitaka kusema ndiyo. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia: nilitaka sana. Mimi pia nataka iwe pale. Maji yale yana kina cha mnara wa kanisa tu. Ningeweza kumwona Alto amelala chini ya kitu chenye kimo ninachokielewa.

Jioni Mama amefika. Kapanda lori peke yake, kavaa nguo za kanisani. Kasikia Mbinga mjini kuwa boti imeonekana.

Aliuliza kwa Kimatengo, mbele ya wote, ni hapo?

Nikasema kesho, Mama.

Jumatano, 19 Julai

Watu wote ufukweni. Wa Kihagara, wa Mbaha, wengine wametembea tangu usiku.

Nilieleza. Nilieleza vibaya. Nilianza na mkondo na upepo, nikaona nyuso zinajifunga. Mtu akapaza sauti: "Ni boti au siyo boti?"

Nikasema sijui. Inaweza kuwa boti, inaweza kuwa jiwe. Nikasema boti iko ndani ya ukanda ule, kwa kadiri ninavyoweza kupima, na ndani ya ukanda siwezi kuchagua. Nikasema hata ukanda wenyewe unaweza kuwa na kosa.

Kisha kelele. Elimu yote hiyo. Wamemsomesha bure. Mwanamume mmoja aliyefiwa na mke na binti aliniuliza kama nimekuja kufanya mazoezi juu ya wafu wao. Padre alitazama chini.

Ndipo Mzee Saidi akasimama. Akasema mbele ya watu kilichokuwa chini ya sakafu, na nani aliyeagiza kipakiwe. Akasema Hamisi alikataa. Akasema dada huyu aliniomba ukweli nikampa, basi nanyi mna haki nao, kesho kutwa nakwenda mwenyewe polisi. Watu wengine walimrukia. Wavuvi wakawazuia. Kofia yake ilikanyagwa mchangani. Mama yangu ndiye aliyeiokota.

Mchana vijana walikwenda na nanga ya kukwaruza, kujaribu ile nundu. Mwera ulikuwa mkali, boti haikutulia juu yake. Walileta tope na makombe matupu. Mara ya mwisho nanga ilinasa na kamba ikakatika. Imenasa kwenye nini, hakuna ajuaye.

Nimerudi nyumbani kwa Asumpta nikajifunika kanga uso.

Alhamisi, 20 Julai

Nataka kuliandika lote kabla halijafifia.

Asubuhi Mama alikuwa amekaa kizingitini, amekwisha kuoga na kuvaa. Akaniomba ile ramani. Hasomi sana lakini mstari anauona. Akauliza, Alto yumo humu? Nikasema boti, Mama, kwa kadiri nijuavyo, imo humu. Akauliza kutoka hapa mpaka hapa? Nikasema ndiyo.

"Basi nipitishe pote."

Sikuelewa mara moja. Asumpta alielewa. Alikwisha kusimama kwenda kumtafuta Mzee Saidi.

Dizeli iliyobaki ilitosha kwenda na kurudi, labda. Mzee Saidi hakuuliza labda. Mwera ulikuwa umelegea kidogo, mara ya kwanza tangu nifike. Waliotaka kuja walikuja: Padre, Mama Tumaini aliyetoroka zahanati na vidonda vyake vya midomo, yule mwanamume aliyefiwa na mke na binti, wengine. Boti ilijaa. Mzee Saidi aliwahesabu, akaomba baadhi washuke wafuate kwa mitumbwi. Walishuka bila ugomvi.

Tulianzia kusini. Nilikaa mbele na ramani na dira nikimwonyesha kwa mkono, kushoto kidogo, sawa, sawa. Injini taratibu. Tulipoingia ndani ya ukanda nikasema, tumeingia. Mama akaanza rozari. Watu wakaitikia. Hatukusimama kwenye nundu. Tulipita juu yake kama maji mengine, na mtu mmoja tu ndiye aliyegeuka kutazama.

Walianza kutaja majina katikati ya mafumbo ya rozari. Hakuna aliyepanga. Mtu anataja, wengine wanaitikia sala, tunasonga. Yule mwanamume alitaja mke wake. Mbele zaidi, maji yakiwa yamegeuka meusi kwa kina, alitaja binti yake. Asumpta alimtaja Alto kwa jina alilokuwa akimwita ndani, sikuwa nalijua, silirudii hapa.

Tukasonga mpaka mikono yangu ikafa ganzi kwa kushika ramani. Mitumbwi ilibaki nyuma, ikageuka. Karibu na ncha ya kaskazini sala zilikuwa zimekwisha na majina pia. Injini tu. Mama akageuka kumtazama Mzee Saidi kule nyuma. Aliacha Kimatengo, akasema kwa Kiswahili chake cha kanisani, neno moja moja.

"Wewe hujataja wako."

Mzee akatikisa kichwa. Akasema, watu hawa hawataki kulisikia.

"Anaitwa nani?"

Watu wote walikuwa wanalijua jina lile, wamelilaani wiki mbili. Mama alingoja. Kisha akasema mwenyewe, Hamisi. Akasema, Hamisi, mtoto wa Saidi. Na akamtolea sala ile ile aliyoitoa kwa mwanawe, hadi mwisho. Waliitikia wachache kwanza. Mama Tumaini aliitikia kwa nguvu. Halafu yule mwanamume, akitazama maji.

Mzee Saidi aliinua viganja vyote viwili akasoma dua yake kwa sauti ya chini. Mmoja wa wavuvi alimshikia usukani.

Nikasema, hapa ndipo mwisho. Sijui kama nilisema kwa sauti. Alizima injini. Tuliachwa tuelee kidogo, ubavu kwa mwera. Kisha akaiwasha, tukarudi.

Ijumaa, 21 Julai

Mzee Saidi kaondoka na lori la asubuhi kwenda polisi. Alipita kwanza kwa Asumpta kuaga. Alinipa mkono.

Padre naye alikuja. Akasema alikosea kuniomba vile. Nikamwambia ilibaki kidogo tu nimkubalie. Tulikunywa chai.

Jumapili, 30 Julai. Kitura.

Matanga yameanuliwa jana. Wajomba walitaka kuchimba kaburi karibu na la Baba, waweke nguo za Alto na msalaba. Ni kawaida yetu mwili usipopatikana. Mama alikataa. Walishangaa. Akawaambia Alto yuko kule.

"Mahali fulani katika safari ile nilipita juu yake."

Tulipobaki peke yetu nikamkumbusha kwamba ukanda wangu nao unaweza kuwa umekosea. Nisingeweza kunyamaza. Akasema anajua, nilisema ufukweni, alisikia. Akanituma kuni.

Jumapili, 6 Agosti

Kesho narudi Dar es Salaam. Makala sijaigusa. Nitaigusa, si sasa.

Asumpta amekuja juzi kukaa na Mama mpaka kahawa iishe. Hakualikwa. Alishuka kwenye lori na mkeka wake na ndoo ya usipa. Kimatengo chake kinamchekesha Mama.

Leo baada ya Misa tulikula watatu. Hakuna mgeni, kwa mara ya kwanza. Mama alisema atajinyoosha kidogo. Amelala papo hapo kwenye mkeka wa barazani, mchana mweupe, mdomo wazi. Sijawahi kumwona akilala mchana maisha yangu yote. Asumpta alimfunika kanga miguuni. Mimi nimekaa kwenye ngazi, nafukuza kuku wasimwamshe.